Sahani ya Mzee

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini wadudu wasioonekana nawajua. Nimegandisha maziwa kwa kibuyu tangu nikiwa bibi harusi kule Webuye, na kibuyu changu hakijawahi kunidanganya. Mama mkwe alikuwa akikiosha mara mbili, maziwa yanakataa kuganda, analaumu ng'ombe. Mimi sikuwa naosha sana. Kuna kitu kinakaa humo ndani kinafanya kazi, nilijua.

Kwa hivyo daktari wa Kitale alipotueleza kuhusu uvimbe wa utumbo wa mzee wangu, nilimwelewa haraka.

"Kukhu," akaniita nyanya kwa Kibukusu, "ndani ya saratani yenyewe kunaishi bakteria. Wengine wanaweza kuusaidia uvimbe ukue, wengine wanaharibu dawa. Bado tunachunguza."

Nilielewa haraka mno, ndiyo shida yangu. Tukirudi Bungoma nikapitia soko la Tuwan, hapo hapo Kitale, nikanunua sahani moja na kikombe kimoja. Jioni nikampakulia peke yake.

Sisi tumekula sahani moja tangu tuoane. Hata tukigombana, tunagombana mikono ikiwa kwa ugali.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, mzee."

"Na wewe?"

"Niko na yangu."

Hakugusa. Siku ya kurudi kudungwa dawa ikafika, nikamkuta amekaa bila viatu.

"Si umeshanitenga kama mgonjwa wa kipindupindu? Hiyo dawa ni ya nini sasa? Niache hapa."

Bila dawa, uvimbe ungemmaliza, hilo sikuhitaji daktari kuniambia. Nikampigia huyo daktari simu. Akacheka kidogo, halafu akasema pole pole: saratani haiambukizi, na hao wadudu wa kwa uvimbe hawatoki kwa sahani kuja kwangu. Hata tumbo langu limejaa wadudu wake, na wengi ni wazuri. Nikaona haya, bana.

Nikasonga ugali, nikaweka na mrenda kwa sahani moja, nikakaa karibu yake. Nikakata tonge la kwanza upande wake.

Akaniangalia.

"Mama, unaniibia mboga."

"Kula upesi basi."

Akala matonge manne, nilikuwa nahesabu. Akanawa mikono, akauliza viatu viko wapi.

Nikamwambia avae na sweta, Kitale kuna baridi.