Mkanda wa Hujaji

Fundi cherehani anaweza kukusahau sura, lakini mshono wake hausahau. Ndiyo maana mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili, ambaye mtaa mzima humwita Fundi basi, aliganda mbele ya kabati la kioo kabla hajasoma hata neno moja.

Ndani ya kabati kulikuwa na mkanda wa turubai wa marehemu baba yake, ule aliojifunga kiunoni alipokwenda hija. Miaka yote baba aliufungia sandukuni. Alipofariki, baba mdogo akaukuta na kuupa makumbusho kwa ajili ya maonyesho haya ya historia ya hija. Maandishi yalisema hujaji huyo alitembea majuma sita, akafika, akarudi salama.

Lakini mfuko wa ndani ulikuwa umeshonwa bado. Fundi aliushona mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne. Uzi mweusi ulimwishia katikati, akamalizia kwa wa kijani, na kwa kiherehere cha mwanafunzi akapiga mafundo matatu palipotosha moja. Yote yalikuwepo pale.

Desturi ya hija ile ilijulikana: ombi la nyumbani huandikwa kwenye karatasi na kushonewa mkandani, na hujaji akifika hulifumua kwa mkono wake, akaliacha pale patakatifu. Ombi lilikuwa la mama, kwa ajili ya kitindamimba wake aliyekuwa hoi kitandani. Baba alirudi akaapa kwamba ameliacha. Mwezi uliofuata mtoto alikufa. Tangu siku hiyo mama hakusali tena. Watu wakimwambia kazi ya Mungu haina makosa, huinuka akaenda kuosha vyombo.

Mama mwenyewe alikuwa makabati mawili nyuma, miwani puani, akisoma kila kitu asije akapunjwa. Baba alikuwa ndiye kitu pekee mama alichobaki kukiamini, na sasa hata hicho kilikuwa kinaning'inia kwa uzi wa kijani.

Mtunza makumbusho akafika na mkasi mdogo, akawatangazia wageni kwamba ndani ya mkanda kuna karatasi, na leo itatolewa mbele ya familia. Fundi akamvuta pembeni, akamsihi aahirishe. Akajibiwa kwa adabu zote kuwa baba mdogo alishatia saini. Basi akamgeukia mama, akamwambia miguu itamuuma, watoke wakapumzike kidogo.

"Nimekaa vya kutosha," mama alisema, akajipenyeza mbele.

Kabati likafunguliwa, mkanda ukalazwa mezani. Mkasi ulipokaribia turubai, mama akamshika mtunza mkono. Aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa mshono, akaufuata uzi mweusi kwa kidole mpaka ulipogeuka kijani.

"Fumua wewe," alimwambia bintiye. "Huyu atauchana."

Vidole vya Fundi, vilivyotunga sindano miaka thelathini na minane, vilipokea mkasi. Alikata fundo la kwanza. Kwenye la pili akajaribu uongo, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda baba aliushona upya baada ya kuacha ombi.

"Baba yako? Hata kifungo cha shati nilimshonea mimi. Malizia."

Akamalizia. Karatasi ilitoka imekunjwa mara nne, na mama akaitambua kabla ya kuikunjua, maana aliikata mwenyewe kwenye daftari la mtoto. Aliisoma yote, midomo ikicheza. Mtunza, maskini, akauliza kwa upole waandike nini sasa pale kabatini.

"Andikeni aliondoka. Kufika, hakufika."

Fundi alimshika mabega akingoja laana, maana baba alistahili hata kumi. Haikuja. Mama alijishusha taratibu kwenye kiti cha mlinzi, karatasi mapajani, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Miaka thelathini na minane nimemnunia Mungu," alisema. "Kumbe barua yangu ilikuwa kiunoni mwa baba yako."