Slaidi za Mumbua Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Katunge, mkuu wa wodi ya watoto, alinipa saa yenye mshale wa sekunde akaniambia nihesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Mimi nikahesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili, nikaona nimeerevuka. Akaniangalia tu. "Mutheu, mtoto mwenye malaria kali anaweza kupumua vizuri nusu ya kwanza na vibaya nusu ya pili. Rudia."

Nikarudia. Hivyo ndivyo niliingia kwa utafiti wa malaria, mwanamke wa darasa la nne kutoka Masinga, karibu na bwawa, ambako mbu hawana msimu.

Utafiti wenyewe ulitaka kujua jambo moja. Watoto wawili wa boma moja wanaumwa na mbu, mmoja anapata homa na kesho anacheza, mwingine anapoteza fahamu. Kwa nini? Tuliangalia viganja, maana kiganja cheupe ni damu imepungua. Tulisugua kifua kwa kifundo cha kidole tuone kama mtoto anasikia uchungu. Na tulitoboa kidole, tone la damu likapakwa kwenye kioo chembamba kinachoitwa slaidi, likachovywa rangi, likasomwa kwa darubini. Dawa ilianza slaidi ikishasomwa.

Baada ya wodi, mkuu wa utafiti, Daktari Musembi, alinihamishia kazi ya kupokea wagonjwa.

"Kizungu chako ni kidogo, mwaitu," alisema. Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba.

"Kizungu hakitoi damu, daktari."

Alicheka. Alijua niko na kitu kimoja ambacho wengine hawana: jina nikilisikia mara moja halitoki. Hata leo nitajie boma lolote la upande ule, nitakuhesabia watoto wake mpaka kitinda mimba. Na jambo hilo hilo ndilo lilitaka kuniharibia.

Kwetu Ukambani msichana hupewa jina la nyanya yake, na kila mwana wa kiume akizaa binti humwita jina la mama yake. Kwa mzee Kioko kulikuwa na wana wawili wa kiume, kwa hivyo Mumbua wawili, na wote wanaandikwa Mumbua Kioko. Asubuhi moja mama zao, Kalunde na Ndinda, waliwaleta pamoja. Mumbua wa Kalunde alikuwa na kikohozi. Mumbua wa Ndinda alikuwa anachemka. Niliwatoboa wote, nikaandika jina lile lile kwa slaidi zote mbili, bila namba. Sikuona shida. Ya Ndinda niliiweka mbele ya sanduku, ya Kalunde nyuma, na kichwani nilikuwa nazo zote.

Lakini Mulwa, fundi wa maabara, alizitoa kuzichovya rangi, na alipozirudisha, ya mbele ikakaa nyuma, na majibu yakatolewa kwa mpangilio huo.

Kufika saa sita Mumbua wa Ndinda alishikwa na degedege, akazimia. Daktari akachukua karatasi ya majibu. "Damu safi. Hii si malaria. Washeni gari, apelekwe Machakos apimwe uti wa mgongo."

Ile barabara tuliijua. Mtoto hangefika.

Nikageuka, nikaona Mumbua mwingine kwenye benchi anakula ndizi, na karatasi yake inasema vimelea vya malaria vimejaa. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Nikisema, kazi imeenda.

"Daktari, gari lisiondoke. Hiyo karatasi ni ya yule anayekula ndizi."

"Nani amesema?"

"Mimi ndiye niliandika jina moja kwa vioo viwili."

"Na mimi ningejuaje?" Mulwa akaruka. "Kioo kina uso?"

"Mtagombana baadaye," daktari akasema. "Toboa upya."

Nilitoboa. Ndinda alishika ule mguu mdogo. Kwa darubini Mulwa hakukaa hata dakika moja. "Wamejaa, daktari. Hata sihesabu."

Tukamwekea dripu ya kwinini, pamoja na sukari, maana kwinini hushusha sukari ya damu. Nikakaa hapo na ile saa, dakika nzima nzima, mpaka Sista akaniondoa. Kesho yake asubuhi Mumbua alifungua macho, akaitisha uji. Maji alikataa. Uji.

Daktari aliniita ofisini. Nilishaaga moyoni.

"Mwaitu, kichwa chako ni kizuri. Lakini kesho ukiugua, nani atazijua hizi slaidi?"

Hakunifuta. Tangu siku hiyo kila slaidi yetu iliandikwa namba, jina la mtoto, na jina la mama. Niliifuata sheria hiyo mpaka nikastaafu, na wale waliokuja na digrii zao ni mimi niliwafundisha.

Siku hizi malaria inapimwa kwa kijikaratasi, majibu yanatoka haraka, na mimi nafurahi. Juzi nilipeleka mjukuu kliniki. Nesi, msichana mdogo, akaandika Mutheu, akaandika jina la ukoo, akanyoosha mkono atoboe.

"Andika jina la mama yake," nikamwambia.

"Susu, hii ni kompyuta, haikosei," akasema, akiniita nyanya kwa Kikamba.

"Niko na wana wa kiume wanne, mwanangu. Na nyumbani kwangu kuna Mutheu wanne."

Akaniangalia, akarudisha mkono. Akaandika.