Kulia Moja, Chini Mbili

Koplo Muthamia hakujua kukaa. Hata akiwa likizo nyumbani Githongo, chai imeshamiminwa, alizunguka na kikombe mkononi: mara mlangoni, mara kwenye mibuni, mara barabarani kuangalia nani anapita. Mkewe Kathure, aliyekuwa na kibanda cha chapati kule Nchiru, alichoka kumtazama.

"Baba Kiunga, kwani kiti kina msumari?"

Lakini kama kukaa kulimshinda, kuongea kulimshinda zaidi. Mbele ya watu watatu sauti yake ilipungua, mbele ya kumi ikaisha kabisa. Jeshini alipenda kutembea, na kwa kutembea alipandishwa cheo. Redio alimwachia mwingine aibebe na kuiongelea.

Mwingine huyo alikuwa Nthiga, kijana mpole wa kutoka nyanda za Mbeere. Siku ya mazoezi Nthiga alibeba redio mgongoni, na ile antena yake ndefu ikiyumbayumba juu ya kofia. Walikuwa kwenye nyika kavu kaskazini ya Meru, mahali ambapo ukigeuka nyuma unauona Mlima Kenya wote, umejaa angani. Simu zilikuwa zimekusanywa kambini. Meja Njagi, mkuu wa mazoezi, alitaka watu wake watembee kwa ramani na dira, kwa sababu vidude vya satelaiti hufa betri, na vita havingoji umeme.

Kutoa taarifa ya mahali walipo pia kulikuwa na utaratibu wake. Kikosi kingine kilicheza adui na kusikiliza redio, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutaja kilima wala mto. Kabla ya kuondoka walikuwa wamechagua sehemu chache kwenye ramani na kuzipa majina ya matunda. Njia panda moja waliiita Papai. Ukitaka kusema ulipo, unahesabu miraba ya ramani kutoka Papai, kwanza kwenda kulia au kushoto, kisha kwenda juu au chini. Kila mraba ni kilomita moja. Asiyejua Papai ni wapi, hata akisikia kila neno, haambulii kitu.

Asubuhi walipita Papai, Nthiga akatoa taarifa, wakaambiwa wanyamaze mpaka watakapofika mbele. Wakatembea. Jua likapanda, likawakalia shingoni. Muthamia alitangulia, akarudi nyuma kuangalia watu wake, akatangulia tena, kama mbwa anayepeleka mbuzi. Ndipo Nthiga alipoinama kupita chini ya mgunga. Antena ikakwaruza matawi, ikadunga mzinga ambao mfuga nyuki fulani alikuwa ameutundika humo.

Nyuki walitoka kama moshi.

Kila mtu alikimbia, lakini Nthiga alikuwa amebeba redio nzito, na nyuki walimchagua yeye. Walipofika kwenye mto mkavu na kuficha vichwa chini ya jaketi zao, wengine walikuwa wameumwa hapa na pale. Nthiga uso wake haukuwa na umbo tena. Macho yalifungika, midomo ikafura, na kooni kukaanza sauti nyembamba kama ya filimbi iliyoziba.

"Koplo," alisema mmoja wao, Runji, "huyu anazibwa. Binamu yangu alikufa hivi hivi. Gari lije sasa."

Muthamia alivua redio mgongoni mwa Nthiga. Aliiweka mchangani mbele yake. Kwanza ilibidi ajue wako wapi, maana mbio zile hazikuhesabiwa. Alitazama nyikani akatafuta vitu viwili vya kuaminika, akaona kilima chenye kipara na mnara wa simu juu ya ukingo wa mbali. Akavipima kwa dira kimoja kimoja, akachora mistari miwili ya penseli kwenye ramani. Mistari ilikatana juu ya mto mkavu. Akapiga alama ya msalaba hapo, akahesabu miraba, akabonyeza kitufe.

"Kobe, hapa Kobe Mbili. Ova."

Aliyejibu alikuwa Sajini Munyi wa kambini, Mwembu mwenye maneno mengi, ambaye kwa miaka walitaniana naye ipi ni bora kutafuna, miraa ya Meru au muguka wa Embu. "Kobe Mbili! Leo Mmeru ameongea! Pumua kwanza, redio haiumi. Leta. Ova."

"Nina mgonjwa, nyuki wamemuuma, hapumui vizuri. Gari na daktari. Kutoka Papai, kulia moja, chini mbili. Ova."

Utani ukakatika hapo hapo. "Kulia moja, chini mbili. Mbona chini? Si mlikuwa mnaenda juu? Ova."

"Nyuki walitukimbiza huku chini. Haraka, afande. Ova."

"Nimepata. Chini mbili. Gari limetoka. Ova."

Wakangoja. Runji alimshikilia Nthiga ameketi, akampepea kwa kofia. Muthamia alipanda ukingo wa mto kusikiliza injini, akashuka, akapanda tena. Hakusikia kitu ila nyenje na ile filimbi ya kooni, ambayo sasa ilikuwa inakatika, inaanza, inakatika.

Redio ikakwaruza. Alikuwa dereva, Kailemia. "Nimefika. Niko kwenye bwawa la ng'ombe. Hakuna mtu hapa. Ova."

"Koplo, bwawa gani?" Runji alifoka. "Kuna bwawa wapi hapa?"

Muthamia alifungua ramani juu ya goti. Akatafuta rangi ya maji. Aliipata upande wa kusini wa Papai, karibu na pindo la karatasi. Kisha akaona msalaba wake wa penseli upande wa pili kabisa, kaskazini.

Githongo, kila mtoto hujua juu ni wapi. Juu ni kwenye msitu na mlima, kunakotoka ukungu. Chini ni kule maji yanakokwenda. Asubuhi yote walikuwa wameupa mlima mgongo, wakishuka, na moyoni mwake huko kulikuwa chini tu, hakuhitaji kufikiri. Lakini kwenye ramani juu ni kaskazini, na hapa mlima ulikuwa kusini. Munyi asingeweza kuligundua kosa, kwani kwao Embu mlima umekaa upande ule ule wa juu wa ramani. Walirudiana neno moja, kila mtu akasikia la kwao.

Sauti nzito ikaingia kwenye redio. Meja Njagi mwenyewe. "Dereva, wewe ramani unasoma au unajipepea nayo? Watu wanakufa hapo. Ova."

"Afande, nimefika mahali nilipoambiwa..."

Muthamia alijua kwamba kila redio kwenye nyika ile ilikuwa wazi, ya rafiki na ya adui wa mazoezi. Nthiga alikoroma, kichwa kikaanguka kifuani mwa Runji.

Akabonyeza. "Si dereva, afande. Ni mimi, Koplo Muthamia. Nimesema chini, ni juu. Kutoka Papai, kulia moja, juu mbili. Juu, upande wa kaskazini. Geuzeni gari, mlima uwe nyuma yenu. Tutawasha moto muone moshi. Ova."

Munyi akajibu polepole, "Kulia moja, juu mbili, kaskazini. Kailemia, umesikia? Kanyaga."

Walikata majani makavu na mabichi, wakawasha. Muthamia alipiga magoti nyuma ya Nthiga, akamwinua kidevu kama walivyofundishwa, akakaa hivyo. Hakuzunguka. Alisikiliza kila pumzi ikiingia, na kati ya moja na nyingine alijikuta yeye mwenyewe amezuia yake.

Landrova ilipotokea kwenye vumbi, Regina, daktari wa kikosi, aliruka kabla haijasimama. Hakumuuliza mtu kitu. Alimchoma Nthiga sindano ya paja juu ya suruali, akamfunika mdomo kwa kifaa cha hewa, akaweka vidole shingoni kuhesabu mapigo ya moyo.

Munyi aliita redioni. "Kobe Mbili, hali ya mgonjwa? Ova."

Muthamia alimtazama Regina. Regina akatikisa kichwa kukubali.

"Anapumua," Muthamia alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Anapumua. Ova."