Kisigino cha Nashipae

Safari hii niliianza nikiwa nimekasirika, na nasema hivyo mapema ili asije mtu akanisoma akitarajia maua na vipepeo. Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya pili ya tiba ya viungo jijini Nairobi. Utafiti wangu ulihusu watu waliovunjika miguu: plasta ikishatolewa, misuli yao hurudiwa na nguvu kiasi gani? Niliwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza nililifundisha mazoezi mapya. Kundi la pili liliambiwa yale ya kila siku ya hospitali, nenda nyumbani ujaribu kutembea, kisha kazi yangu ikawa kulipima tu.

Wote walikuwa wamekwisha kupimwa mara ya mwisho, isipokuwa mwanamke mmoja wa kundi la pili aliyeitwa Nashipae. Alikuwa amegongwa na lori la mawe huko Kitengela, akaja kliniki mara chache, halafu kimya. Bila yeye hesabu zangu zilikuwa pungufu. Profesa aliyenisimamia alinirudishia tasnifu bila hata kuifungua.

"Mtafute," alisema. "Ukimpata, mpime. Usimfundishe zoezi lolote kabla ya kipimo. Ukifanya hivyo, ameharibika."

Ameharibika, kama maziwa.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi kwa pikapu ya idara. Dereva alikuwa Mzee Mutiso, mtu wa kwetu Machakos, ambaye kwake safari ya serikali na safari ya sokoni zilikuwa kitu kimoja. Hatujafika Athi River amesimama kununua makaa. Tulipopita Athi River akasimama kununua vitunguu. Mimi nilikuwa nimepakata sanduku lenye mashine ya kupimia nguvu za misuli, ambayo nilikuwa nimeisainia kwa jina langu, na kila akifunga breki nililikumbatia kama mtoto mchanga.

"Daktari, mbona una haraka?" aliniuliza. "Huyo mgonjwa si amevunjika mguu? Ataenda wapi?"

Nilimwambia mimi si daktari, na asinunue kitu kingine. Alikubali yote mawili kwa kichwa.

Kitengela tulifika jua likiwa limeshaanza kuchoma. Miaka hiyo mji ulikuwa unakua kwa fujo: ploti zimezungushiwa waya kila upande, malori ya mawe yanapishana, na ng'ombe wamesimama mbele ya geti jipya wasijue njia yao imekwenda wapi. Anwani niliyokuwa nayo ilisema "Noonkopir, karibu na kinu cha posho". Vinu vilikuwa kadhaa. Simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo, na Nashipae hakuwa mmoja wao. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa uhakika kamili mahali pasipo sahihi, mpaka mwuza mboga mmoja akanipeleka mwenyewe kwa Mama Lekishon, dada ya mama yake Nashipae.

"Takwenya," nilimsalimu, nikijivunia Kimaa changu cha maneno machache.

"Iko," aliitikia. "Kaa, unywe chai."

Nilisema nina haraka. Akaweka sufuria jikoni kana kwamba sijasema. Chai ilipoiva ndipo aliponiambia kwamba Nashipae hayupo, amekwenda Kajiado kwa mama yake.

"Kwa nini aliacha kuja kliniki?"

"Aje na mguu gani?" Mama Lekishon alinitazama vizuri. "Alikuwa anauza maziwa hapa, anatembea hii Noonkopir yote. Sasa hawezi. Alikuja kwenu, mkapima. Akarudi, mkapima. Akaniuliza, 'Yeyo, mama yangu, kwani hawa watu wanashona nguo?'"

Mzee Mutiso alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kajiado mjini tuliingia saa za mchana. Upepo ulikuwa unapeperusha vumbi jeupe, nami nikazunguka maduka nikiulizia familia ile huku nikila vumbi hilo. Mwishowe mwenye duka la dawa za mifugo akaniambia kwamba walishahamia mbele ya Bisil, wamefuata majani. Niliporudi kwenye gari nilimkuta Mzee Mutiso amenunua mbuzi. Mbuzi alikuwa amesimama juu ya sanduku langu.

"Ni mpole," alisema.

Sanduku lilikuwa limelowa. Sitaeleza zaidi. Mashine, kwa neema ya Mungu, ilikuwa kavu, lakini hatukusemeshana mimi na Mutiso mpaka Bisil, na kuanzia Bisil hakukuwa na njia ya kusemeshana, maana gari liliruka makorongo hivi kwamba aliyefungua mdomo angejing'ata ulimi.

Alasiri tulilifikia boma. Nashipae alikuwa nje, anakamua nguo. Aliponiona aliinuka kuja kunisalimu, na nikasahau mbuzi. Alikuwa anatembelea vidole. Kisigino cha mguu wa kulia kilining'inia hewani, nyonga imepinda kuusaidia, na kila hatua ilimfanya abane midomo.

Nilifungua sanduku. Akaufunika mguu kwa shuka.

"Leo hunipimi," alisema. "Kwanza unitibu."

"Nikupime, halafu nikutibu. Hata dakika chache tu."

"Hapana. Mtapima, mtaenda. Mimi nawajua."

Nilimweleza kuhusu makundi. Nilimweleza kwamba kipimo kikija baada ya mazoezi hakifai kitu. Nilimbembeleza, nikaapa, nikamwita dada. Mama yake alitoka ndani akasikiliza, kisha akasema, "Hii mguu iko na mtoto wa kulisha. Wewe uko na karatasi." Nilitaka kulia kwa hasira. Nimetoka Nairobi, nimebanwa na makaa, nimekojolewa sanduku, na sasa mgonjwa ananikatalia!

"Basi niruhusu niushike tu," nilisema.

Akautoa. Nililinyosha goti, nikausukuma unyayo kuelekea juu taratibu. Msuli wa nyuma ya mguu ulikuwa umefupika, umekaza kama kamba iliyolowa. Lakini mwisho kabisa, pale nilipodhani umegonga ukuta, ulilegea kidogo chini ya kiganja changu. Ulikuwa bado hai. Ungeachwa vile miezi mingine, kifundo kingegandamana na hapo ni kisu cha upasuaji, na sikuona ni nani angemlipia.

Nilifunga sanduku.

Nilifanya naye kazi mpaka vivuli vikawa virefu. Nilimfundisha kupitisha shuka chini ya unyayo na kuivuta akiwa ameketi, na kusimama ameegemea ukuta, mguu kwenye ubao ulioinama. Mama yake nilimfundisha kusukuma unyayo bila kumuumiza. Nashipae hakusema asante. Alisema, "Haya, sasa pima."

"Sasa hakifai," nilimjibu. Alinyanyua mabega.

Njiani kurudi Mzee Mutiso ndiye aliyeanza kuzungumza. "Daktari, si ungepima tu uandike kwamba ulipima kwanza? Nani atajua?"

Nisingependa msomaji adhani jambo hilo halikunipitia akilini. Lilinipitia kabla yake. Lakini kazi yote niliyoifanya ilitegemea watu kuamini kwamba namba zangu ni za kweli, na sikuwa tayari kuanza kuwadanganya kwa ajili ya kumaliza mapema.

Nairobi nilimweleza profesa yote. Alipiga meza, akamtoa Nashipae kwenye hesabu, na kuniamuru nitafute mgonjwa mwingine wa kujaza nafasi yake na kumfuatilia tangu mwanzo. Wenzangu walivaa majoho yao mwaka huo, mimi nikawapigia makofi kutoka kwenye viti vya wageni.

Bisil nilirudi mara kadhaa kwa muda wangu. Safari ya mwisho nilimkuta Nashipae anavuka boma na ndoo ya maziwa, kisigino kinagusa ardhi, hatua bado nzito lakini kamili. Msimu uliofuata alirudi Noonkopir kuuza maziwa.

Watu huniuliza kama niliacha kugawa watu makundi. Sikuacha. Bila makundi nisingejua kwamba yale mazoezi yanafaa, na yalifaa. Lakini siku hizi kila ninapopanga utafiti, kundi la pili nalo hufundishwa mazoezi yale yale mara tu kipimo cha mwisho kinapokwisha, na wanaambiwa hivyo siku ya kwanza, kwa lugha wanayoielewa. Wenzangu hulalamika kwamba inachosha, inakula muda, na magari yenyewe hayatoshi. Wanasema kweli. Inachosha sana.