Hukumu Iliyolala Ndani ya Jalada la Kijani

Siku hizi kitabu kinabandikwa kama bahasha. Ukikifungua mara tatu, kurasa zinamwagika. Zamani, katika chumba cha chini cha Mahakama Kuu, alikuwako fundi aliyejalidi vitabu vya hukumu kwa sindano, uzi mnene na gundi aliyoichemsha mwenyewe. Harufu yake ilipanda ngazi mpaka kwa majaji. Tukamwita Gundi, na hata dada yake wa toka nitoke hamwiti vingine.

Mimi nilikuwa tarishi. Shule niliishia darasa la nne. Sheria nimeisoma kwa kubeba mafaili na kuyafungua njiani. Basi ninajua ninachosema: Gundi alikuwa fundi, waliomfuata ni wabandikaji.

Kosa alikuwa nalo moja. Kila hukumu, hata barua ya ofisi, ilipigwa chapa nakala tano kwa kaboni, na ile ya tano, iliyofifia, kanuni ilitaka ichomwe. Gundi hakuichoma. Kadibodi ilikuwa adimu, kwa hiyo alizipanga kurasa hizo ndani ya majalada ili yakakamae, akibandika kingo tu.

"Karatasi nzima nzima uitie moto, bwana?" aliniuliza nilipomfuma. "Utanisema?"

Sikumsema. Nilimwambia tu kwamba siku moja litamtokea puani.

Ikapita miaka thelathini na minane, tukastaafu sote wawili. Mwaka jana watu wa halmashauri ya mji walipita mtaani kwa dada yake, mshona nguo, anayeishi chumba cha nyuma na kushonea cha mbele. Wakachora mlangoni alama kubwa nyekundu: siku saba awe amehama, barabara inapita. Hakuitwa wala kuulizwa.

"Sare za watoto wao nimeshona mimi," alifoka, "leo wananipaka rangi kama mbuzi wa mnada!"

Tulimpeleka kwa wakili, binti wa umri wa mjukuu wangu. Nikamwambia ipo hukumu. Niliibeba kwa mikono yangu. Mahakama ilisema serikali, iwe kubwa au ndogo, haina mamlaka ya kubomoa makao ya mtu kabla ya kumpa ilani na kumsikiliza. Haki ya kusikilizwa imo ndani ya katiba, si hisani ya ofisa.

Wakili aliipata kwenye kompyuta, ila ukurasa wa kumi na mbili, wenye uamuzi wenyewe, haukuwamo. Waliopiga picha mafaili ya zamani walipitisha karatasi mbili zilizoshikana, mashine ikaona ya juu tu. Kisha faili likakatwakatwa, na vitabu vya hukumu vya mwaka ule pamoja nalo. Nasikia walipewa cheti cha kazi nzuri.

"Babu, bila ukurasa huo nina hadithi tu," wakili alisema. "Na kesi ni keshokutwa."

Gundi alikuna kidevu. "Mwaka ule ngozi nyekundu ilituishia."

"Ngozi inahusu nini, Kaka? Nyumba yangu inabomolewa!"

"Ngoja basi, dada. Ilituishia, nikajalidi vitabu vitatu vya sheria za kodi kwa kitambaa cha kijani. Hukumu hiyo imo humo."

"Si nilikwambia litakutokea puani?" nikasema.

"Acha litoke, bwana."

Asubuhi tulikwenda maktaba ya mahakama, mkutubi akakataa katakata mali ya mahakama isichanwe. Akaitwa msajili, mama mmoja mwenye miwani kifuani. Gundi alisimama mbele yake akaungama yote, mikono nyuma kama mshtakiwa.

"Mzee, unaungama kosa la miaka arobaini?"

"Thelathini na minane, mheshimiwa."

Msajili aliuma midomo asicheke, kisha akaagiza kisu.

Jalada la kwanza lilitoa barua za kuomba viti. La pili, kesi ya wizi wa baiskeli.

"Kaka, ulikuwa unafuga takataka!" dada alinong'ona.

La tatu Gundi alilichana polepole, ukingo hadi ukingo. Ukurasa wa kumi na mbili ulitoka mzima, wino umefifia lakini unasomeka, na herufi za jina la mpiga chapa ziko chini. Msajili aliuweka kati ya ule wa kumi na moja na wa kumi na tatu, ambazo wakili alizichapa kutoka kwenye kompyuta, sentensi zikaungana. Akagonga muhuri.

Keshoye mahakamani jaji aliusoma kwa sauti. Amri ikatoka: mlango wowote usiguswe mpaka wenye nyumba wasikilizwe.

Watu wa halmashauri wakamsikiliza. Dada yule akianza kusema hakamatiki. Walikaa naye saa tatu. Barabara imepita upande wa pili wa mtaro. Alama nyekundu ameiacha mlangoni, ati inawaonyesha wateja njia.

Gundi alirudi maktaba kuvishona upya vitabu vyake, bila malipo, na gundi ya kuchemsha. Mkutubi alifungua madirisha yote. Mimi nilivuta ile harufu mpaka kifua kikajaa. Tangu waanze kubandika sikuwa nimeisikia. Nikamwona akipenyeza karatasi ndani ya jalada la mwisho: nakala ya hukumu ya dada yake.

"Kanuni inasemaje kuhusu hiyo?" nikamuuliza.

"Kaagiza kisu msajili mwenyewe, nani ataniuliza? Kamata hapo, gundi inakauka."

Nikakamata.