Nilifinya Diski Nipate Nafasi, Sasa Mjane Anategemea Video Ambayo Haipo

Admin, nifichie jina. Jina la mji wetu, Kosele, unaweza kuliacha, wapiga video hapa tuko wengi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kupiga video za matanga na harusi. Nilipoanza, wanaume wa kamera walinicheka. Nikajifunza kompyuta mwenyewe, mpaka wao ndio wakawa wananiletea kazi zao nizirekebishe. Nasema haya mjue mapema kwamba nina kiburi, maana kiburi ndicho kimenifikisha hapa.

Miaka miwili iliyopita nilipiga video matanga ya kijana mmoja wa Lambwe aliyekuwa akichimba dhahabu Osiri. Mkewe, nitamwita Mama Boke, ni Mkuria. Walikutana huko Osiri, na ng'ombe wa mahari walikuwa bado hawajapelekwa kwao. Siku ya mazishi kaka mkubwa wa marehemu alishika maikrofoni mbele ya watu wote akasema, "Huyu ndiye bibi ya ndugu yangu. Hii boma na shamba ni yake na watoto wake. Mtu asimguse." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na sauti iliingia safi kabisa.

Sasa kaka huyohuyo amelima shamba lote na kumwambia Mama Boke arudi kwao, eti mahari haikutolewa, alikuwa mgeni tu. Nakala ya video niliyompa Mama Boke, shemeji huyo aliiazima "aangalie kidogo" na haijarudi. Waliokuwa matangani wengi ni watu wake, na ghafla hakuna anayekumbuka kitu. Iliyobaki ilikuwa yangu.

Na yangu niliiua mwenyewe. Desemba matanga yalikuwa mengi, diski ya kompyuta ikajaa. Mtu wa busara angenunua diski nyingine. Mimi nikaenda kwa jamaa mmoja wa kompyuta Migori, akaniwekea programu kwa flashi. "Madam, hii inafinya kila kitu. Diski moja inakuwa mbili." Nilipoiwasha iliandika onyo kwamba kwanza ninakili kazi zangu mahali pengine, na nisizime mashine mpaka imalize. Nikabonyeza kuendelea. Ningenakili wapi, na nafasi ndiyo niliyokuwa naitafuta? Memori kadi zenyewe huwa nazifuta kila wiki nipigie kazi nyingine. Punde kompyuta ikaonyesha nafasi karibu mara mbili, nikampigia mume wangu nikijisifu. Siku ya pili, saa nane mchana, stima ikapotea programu ikiwa bado inafinya. Iliporudi, diski haikufunguka.

Sikumwambia mtu. Mwezi uliopita Mama Boke akaja kwenye duka langu la video. "Dada, ile video ya matanga ya Baba Boke bado iko?"

Nikajibu, "Iko." Niliogopa aibu, na nilijidanganya kwamba fundi ataitoa. Akanishika mikono yote miwili, kisha akaenda moja kwa moja kwa chifu kusema ana ushahidi.

Wiki hiyo shemeji yake naye akaja. Aliniita nyaminwa, dada yetu, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Ile kitu ya matanga, unayo kweli?" Nikamwambia ninayo, na anasikika vizuri sana. Sitawaficha, nilifurahi kumwona akitokwa na jasho. Siku chache baadaye akatuma wazee: Mama Boke achukue nyumba na shamba la chini, waandikishiane kwa chifu, na video isiletwe.

Siku hizohizo diski ilikuwa kwa fundi Homa Bay. Alikaa nayo siku nne. "Mama, hii programu ilikuwa inaweka kila kitu kwa faili moja kubwa, na hiyo faili imekatika katikati," aliniambia. "Hakuna kitu naweza toa hapa. Na video hata hazifinyiki sana. Hiyo nafasi ulikuwa unaonyeshwa ilikuwa ya kukisia tu." Nililia mbele yake kama mtoto.

Nikiwa njiani kurudi, Mama Boke akanipigia simu. "Dada, nikubali hiyo kipande ama tuende na video?" Hapo ndipo ningemwokoa. Nikasema, "Fanya vile moyo wako unakuambia." Moyo wake ulimwambia akatae. Amewajibu wazee kwamba mume wake alikuwa na shamba zima, si kipande. Wazee wamempa mpaka Alhamisi, siku ya kikao kwa chifu, abadilishe mawazo.

Najua mtasema nimwambie ukweli leo. Lakini Mama Boke ni Msabato asiyejua kudanganya hata kwa kunyamaza. Nikimwambia, atamwambia chifu hivyo hivyo, shemeji asikie, na hata kile kipande kitatoweka. Kinachomwogopesha yule shemeji ni uongo wangu tu. Nikimshauri akubali kipande bila kumpa sababu, ataona nimehongwa. Nikinyamaza, Alhamisi wazee watakaa mbele ya kompyuta isiyo na kitu na yeye ataondoka Lambwe na watoto. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imebakisha siku mbili.

Jana alinipitia dukani na mayai kumi ya kunishukuru. "Alhamisi nitakuja mapema," alisema. "Kabla wazee waione, nionyeshe kwanza mimi peke yangu. Sijawahi kuiangalia tangu tumzike. Nilikuwa naogopa kuona uso wake. Sasa niko tayari."

Nikamwambia aje saa mbili asubuhi. Ndugu zangu, nishaurini kabla hajafika. Nimwambie nini huyu mama?