Mbwa wa Sikio Moja Aliyekataa Ulinzi

Nilipostaafu ualimu, mke wangu alinivumilia kwa muda, kisha akachoka. Nilikuwa namfuata jikoni na kumweleza namna bora ya kumenya ndizi, kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana. Siku moja akaweka kisu chini.

"Baba," akasema, "nenda kwa nesi ukamsaidie kutunza mbwa wake. Wale watakusikiliza."

Nesi naye alikuwa mstaafu, mama wa Kihaya aliyehamia hapa Kamuli akitokea Muleba. Nyuma ya nyumba yake alijenga banda la mabati, akaanza kupokea mbwa wasio na wenyewe. Wapo waliogongwa na bodaboda, wapo walioachwa sokoni, na wapo waliofukuzwa kwa sababu tu wamezeeka. Aliwatibu kwa ukali uleule wa wodini. Siku niliyofika nilimsikia akifoka, "Tulia! Unalia nini na sijakugusa bado?" nikadhani ndani kuna mgonjwa.

Naomba nieleweke: nilikuwa naogopa mbwa. Nilikuwa nimevaa mabuti ya mvua, suruali mbili na koti langu zito kuliko yote. Nesi akanitazama toka juu hadi chini.

"Mwalimu, unakwenda kurina asali?"

Akanikabidhi sufuria ya ugali uliochanganywa na dagaa, akafungua mlango wa banda na kunisukuma ndani. Mbwa wote wakanirukia. Nikainua sufuria juu ya kichwa na kupaza sauti, "Kaeni chini! Nimesema kaeni chini!" kama niko mbele ya kidato cha pili. Aliyetii ni mmoja tu, dume la rangi ya kahawa iliyokauka, lenye sikio moja. Alikaa juu ya mguu wangu. Hakubweka wala hakugombea chakula. Aliegemea goti langu tu, akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani.

Nesi alikataza kuwapa mbwa majina, maana akishapata jina, alisema, kumtoa ni shida. Basi huyu wangu tukawa tunamwita tu "wa sikio moja". Nilikwenda kila Jumamosi, baadaye na Jumatano, hadi mke wangu akaanza kuuliza kama chakula cha mchana nacho napewa huko.

Lakini banda halikuwa makao ya kudumu. Kila mbwa alitafutiwa mtu. Wa sikio moja nilimtafutia mimi mwenyewe: mfanyabiashara wa Murongo, karibu na mpaka, aliyekuwa na stoo ya maharage na alitaka mlinzi. Nilimsifu yule mbwa kama mshenga anayesifu bwana harusi. Mtulivu, nikasema. Ana macho makali. Hapendi utani. Tukampeleka, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Mke wangu akaifunika sahani yangu na kuiweka kando.

Haukupita muda simu ikalia.

"Shikamoo Mwalimu," akasema yule mfanyabiashara.

"Marahaba. Mlinzi hajambo?"

"Mlinzi gani? Huyu ni mhudumu wa hoteli! Mtu akiingia stoo, anampokea. Mtu akitoka, anamsindikiza. Jana amemfuata mama wa chapati mpaka ng'ambo, Uganda. Maofisa wa forodha wamenirudishia wakiniuliza kama namfahamu."

Alirudishwa kwa bodaboda, amekaa mbele ya dereva, sikio lake likipepea. Nilipomwona nilicheka kwa furaha hadi nesi akanikaripia.

"Mwalimu, hii ni hasara. Mbona unashangilia?"

"Sishangilii," nikasema, huku mbwa akinilamba mpaka miwani.

Aliyemtaka baadaye alikuwa bibi mmoja mkulima wa Bugomora, mjane, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda miaka mingi iliyopita. Alikuja mwenyewe, na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaeleza kwamba tumbili wanamaliza mahindi yake. Safari hii sikusifu chochote. Nikiri tu kwamba nilitaka akatae.

"Bibi, huyu habweki," nikamwambia.

"Hata akibweka, sisikii vizuri."

"Hafukuzi mtu. Yeye anafuata watu tu, popote waendako."

Bibi akaegemea fimbo yake. "Watoto wangu wote wako mbali," akasema. "Nikienda shamba, nakwenda peke yangu. Nikienda kisimani, peke yangu." Akainama, akamwita kwa Kinyambo, lugha ya huku, "Ija."

Yule mbwa akaondoka mguuni pangu na kwenda. Hakugeuka hata kuniangalia.

Niliwafikisha Bugomora salama. Wakati wa kurudi, nikiwa nimepanda bodaboda nyingine, machozi yalinitoka nisiweze kuyazuia. Dereva akanisikia nikivuta kamasi, akapunguza mwendo.

"Pole sana, mzee wangu. Ni ndugu?"

"Hapana."

"Rafiki?"

"Ni mbwa. Na hajafa. Amepata nyumba nzuri."

Dereva akasimamisha pikipiki kando ya migomba, akashuka, akacheka mpaka akashika magoti. Nami, sijui ilikuwaje, nikacheka naye huku bado nalia. Mama mmoja aliyepita na mkungu kichwani akatusalimia kwa mbali na kuongeza mwendo.

Nilikwenda kuwatembelea wakati wa mavuno, kwa kisingizio cha kununua maharage. Bibi akanikaribisha kwa mahindi ya kuchemsha, ingawa aliyovuna yalikuwa machache kuliko alivyotarajia.

"Tumbili wanakula, mbwa wako anawatikisia mkia," akaniambia.

"Nimrudishe kwa nesi?"

Akaninyang'anya hindi nililokuwa nakula. "Thubutu!"

Kisha akachukua jembe lake na kushika njia ya shambani. Mbwa alikuwa ameshatangulia hatua chache, akasimama kumsubiri.